Kamba, Koleo na Reli: Istilahi za Uvumbuzi wa Hallidie

Mwalimu mmoja wa Chanji, mjini Sumbawanga, ametuletea swali ambalo kwa sura yake ni dogo, lakini kila tulipolitazama tuliliona linazidi kukua. Alikuwa akiwasomesha wanafunzi wake habari za miji na vyombo vya usafiri. Katika kitabu cha Kiingereza akakuta maelezo ya magari ya abiria ya San Francisco, Marekani, ambayo huvutwa kwa kamba, naye akayafasiri "magari ya kamba". Wanafunzi wakaona wameelewa. Wakachora katika madaftari yao vijumba vinavyoning'inia hewani juu ya bonde. Mwalimu akawasahihisha: magari hayo hutembea barabarani, juu ya reli, na mwendeshaji huiachia kamba kila anapotaka kusimama. Ndipo mtoto mmoja akauliza, "Akiiachia kamba mlimani, gari haliporomoki?"

Mwalimu anaomba istilahi. Sisi tunaona kwamba kabla ya istilahi hatuna budi kumjibu mtoto, kwa sababu swali lake ndilo kiini cha jambo lote. Watoto wa Chanji wanaishi juu ya uwanda wa juu wa Ufipa, kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Wanaijua barabara inayotoka Ntendo na kuteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa mpaka Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, karibu meta 1,000 chini yao. Reli haijafika kwao. Iliyo karibu ni ile inayoishia Mpanda, upande wa kaskazini, na ile ipitayo Tunduma, upande wa kusini. Basi reli hawakuizoea, lakini mteremko wanaujua. Aliyeona mkokoteni wa ng'ombe ukiwashinda wanyama wake katika utelezi wa masika hahitaji kufundishwa kwa nini swali hili ni la maana.

Katika makala haya tutaeleza kwanza mtu aliyehusika na chombo alichokibuni, kisha tutalinganisha chombo hicho na vingine viwili vilivyopata kujengwa Afrika Mashariki, na mwisho tutatoa mapendekezo ya istilahi.

1. Mtu mwenyewe

Andrew Smith Hallidie alizaliwa London tarehe 16 Machi 1836. Kwa kuzaliwa aliitwa Andrew Smith, kama baba yake. Jina la Hallidie alilichukua kwa heshima ya jamaa yake, Sir Andrew Hallidie, aliyekuwa tabibu wa jumba la kifalme la Uingereza. Baba yake alikuwa mhandisi, tena mmoja wa watu wa mwanzo nchini humo kupata hataza za kamba za waya.

Wakati huo kamba ya waya ilikuwa kitu kipya. Wilhelm Albert, ofisa wa migodi ya Clausthal huko Ujerumani, alianza kuitumia mwaka 1834, kwa kuwa minyororo ya migodini ilikuwa ikikatika bila ya kutoa onyo. Pete moja ya mnyororo ikivunjika, mnyororo wote umekatika. Kamba ya waya hukatika uzi mmoja mmoja, na fundi mwangalifu huiona hatari kabla haijamfikia.

Mwaka 1852 baba na mwana walikwenda California, ambako dhahabu ilikuwa imewavuta watu wa kila taifa. Baba alirudi Uingereza mwaka uliofuata, kijana akabaki. Alikuwa mchimbaji, mhunzi, mpima ardhi na mjenzi wa madaraja. Mwaka 1856, kwenye mgodi wa American Bar, alikuta magari ya mawe yakiteremshwa mlimani kwa kamba za nyuzi za mimea, ambazo zilichakaa baada ya siku 75. Akatengeneza kamba ya waya badala yake, nayo ikadumu miaka miwili. Mwaka uliofuata alianza kutengeneza kamba hizo kwa biashara mjini San Francisco. Baadaye akabuni njia ya kusafirisha madini katika ndoo zilizofungwa kwenye kamba iliyotandazwa juu ya nguzo, kutoka mlima hata mlima. Msomaji aliweke moyoni jambo hili, maana tutalirudia: mtu huyu ana mkono katika magari yanayoning'inia hewani na pia katika yale yanayotembea barabarani.

San Francisco ni mji wa vilima vikali. Zama hizo magari ya abiria yalivutwa na farasi. Mwaka 1869 Hallidie aliwaona farasi wakipandisha gari mlimani katika hali ya mvua. Wakateleza juu ya mawe yaliyolowa, na gari likawakokota kurudi chini. Mwenyewe alieleza baadaye kuwa mateso ya wanyama hao ndiyo yaliyomtia katika fikra ya kutafuta nguvu nyingine. Akawapata wenzake wa kuchangia fedha, miongoni mwao Joseph Britton, Henry Davis na James Moffit, na kampuni ikaundwa ya kujenga njia katika mtaa wa Clay.

Majaribio yalifanywa alfajiri, mwanzoni mwa Agosti 1873. Inasimuliwa kwamba mtu aliyewekwa kuliongoza gari alitazama chini ya mlima akaingiwa na hofu, na Hallidie mwenyewe akashika usukani. Njia ikafunguliwa kwa abiria tarehe 1 Septemba 1873. Urefu wake ulikuwa karibu meta 850, nayo ilipanda kiasi cha meta 90. Hallidie alifariki tarehe 24 Aprili 1900.

2. Kilichobuniwa ni nini?

Mfasiri akiyakosa maelezo ya sehemu hii, hapana istilahi itakayomwokoa.

Katika mfumo wa Hallidie gari halina injini. Injini ya mvuke ilikuwa katika nyumba ya mitambo, mahali pamoja pasipohama. Injini hiyo ilizungusha gurudumu kubwa, na gurudumu likaivuta kamba ya waya ambayo ncha zake mbili zimeunganishwa kwa kusukwa pamoja. Kamba ilipita katika mfereji uliochimbwa chini ya barabara, katikati ya reli mbili, ikapanda mlima, ikazunguka gurudumu jingine huko mwisho, ikarudi. Haikusimama mchana kutwa. Juu ya mfereji uliachwa mwanya mwembamba, kiasi cha kupitisha ubamba wa chuma tu.

Ubamba huo ulishuka kutoka garini, na mwisho wake wa chini ulikuwa na koleo. Mwendeshaji alipotaka kwenda, aliyafumba meno ya koleo juu ya kamba inayokimbia. Kwanza kamba iliteleza ndani ya meno, na gari likaanza polepole. Alipozidi kukaza, gari likashika mwendo uleule wa kamba. Alipotaka kusimama alilifungua koleo. Kamba ikaendelea na safari yake, gari likabaki.

Je, halikuporomoka? Hili ndilo jibu la mtoto wa Chanji: halikuporomoka kwa sababu kazi ya kuvuta na kazi ya kuzuia zimetengwa. Kamba huvuta, breki huzuia. Magari ya San Francisco ya siku hizi yana breki za magurudumu, yana magogo ya mbao yanayokandamizwa juu ya reli, na yana kabari ya chuma ambayo wakati wa dharura husukumwa ndani ya mwanya ikakwama humo. Mwendeshaji huachia kamba mara nyingi katika safari moja. Kuachia ni sehemu ya kazi yake.

Ubora wa mfumo huu ni kwamba kamba moja iliweza kuvuta magari mengi, kila moja likisimama na kuondoka kwa wakati wake. Kasoro yake ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu za injini iliishia katika kuivuta kamba yenyewe, hata pasipokuwa na gari. Miji mingi iliufuata: Dunedin huko New Zealand mwaka 1881, Chicago mwaka 1882, Melbourne mwaka 1885. Lakini mwaka 1888 Frank Sprague alionyesha huko Richmond, Marekani, kwamba tramu za umeme zaweza kuuhudumia mji mzima kwa gharama ndogo zaidi, na tangu hapo kamba zikaanza kuondolewa. San Francisco yenyewe ilikaribia kuziondoa zote mwaka 1947. Wananchi, wakiongozwa na Bibi Friedel Klussmann, wakapinga, na njia tatu zingalipo hadi leo.

3. Mvumbuzi, mgunduzi au mbunifu?

Kabla ya kuingia katika majina ya chombo, tuseme neno juu ya jina la mtu. Hallidie tumwite nani?

Reli zilizovutwa kwa kamba zilikuwako kabla yake. Njia ya London na Blackwall, iliyofunguliwa mwaka 1840, ilivuta magari yake kwa kamba na injini zilizosimama. Charles Harvey alijaribu njia ya kamba juu ya nguzo mjini New York mwaka 1868. Hata michoro ya koleo na mitambo ya mtaa wa Clay ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya mhandisi Mjerumani, William Eppelsheimer. Basi kilicho cha Hallidie ni kukusanya: kamba imara ya kiwanda chake, koleo, mfereji wa chini, fedha, ruhusa ya mji, na moyo wa kuthubutu.

Katika maandishi yetu neno "mvumbuzi" limebebeshwa mizigo miwili. David Livingstone, aliyepita Ufipa kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1872, ameitwa mvumbuzi. Na mtengeneza mashine naye ameitwa mvumbuzi. Lakini Wafipa walikuwa wakiijua nchi yao na ziwa lao kabla Livingstone hajazaliwa, na kitu kilichopo hakivumbuliwi kwa kuwa mgeni amekiona. Sisi tunapendekeza wafasiri watenge hivi: "kugundua" ni kupata au kutambua kilichokuwapo lakini hakijajulikana, "kuvumbua" ni kuleta chombo au njia ya kazi ambayo haikuwapo, "kubuni" ni kufikiri na kuchora umbo lake na utendaji wake. Kwa kipimo hicho Hallidie ni mvumbuzi wa mfumo, na Eppelsheimer ni mbunifu wa sehemu zake. Maneno mawili yanatuwezesha kumpa kila mtu haki yake.

4. Kamba mbili za Afrika Mashariki

Mtu aweza kudhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Sivyo. Afrika Mashariki imekuwa na njia za kamba, na kwa bahati njema zilikuwa za aina mbili tofauti, zote zikitofautiana na ile ya Hallidie.

Ya kwanza ni ya Reli ya Uganda. Wajenzi wake, wakiongozwa na mhandisi mkuu George Whitehouse, walipofika kwenye ukingo wa Kikuyu juu ya Bonde la Ufa, waliona kwamba njia ya kudumu ya kuteremkia ingechukua muda mrefu. Ili kazi ya mbele isisimame, walijenga mitelemko ya muda ambamo mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za waya. Behewa lililojaa vifaa liliposhuka, uzito wake ulisaidia kulivuta juu lile lililokuwa likipanda upande wa pili, kama vitanga viwili vya mizani. Mahali palipokuwa pakali zaidi, mabehewa yalipakiwa juu ya majukwaa maalumu yaliyotengenezwa ili mzigo ubaki umelala sawasawa ingawa njia imeinama. Mitelemko hiyo ilitumika mpaka njia ya kudumu ilipokamilika mwaka 1901, na mwishoni mwa mwaka huohuo reli ikafika Ziwa Viktoria.

Ya pili ni ya Usambara. Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati wa utawala wa Wajerumani, kampuni ya mbao ya Wilkins na Wiese ilitaka kuteremsha mierezi kutoka misitu ya Shume hadi kituo cha reli cha Mkumbara. Kampuni ya Bleichert ya Leipzig ikawajengea njia ya kamba ya angani, yenye urefu wa kiasi cha kilometa 9, ambayo ilipitisha magogo juu ya mabonde na majabali. Hapo hapakuwa na reli ardhini. Kamba ndiyo njia, na mzigo huning'inia.

Sasa na tulinganishe. Katika mtaa wa Clay, gari hushika kamba na kuiachia. Katika ukingo wa Kikuyu, behewa limefungwa kwenye kamba kwa safari nzima, na kamba ndiyo inayolizuia lisiende mbio. Katika Usambara, mzigo umetundikwa, na chini yake ni hewa tupu. Tuchukue sentensi moja ya maelekezo ya kazi: "Mwendeshaji aachie kamba." Katika mfumo wa kwanza sentensi hiyo ni agizo la kila siku. Katika wa pili na wa tatu ni agizo la kuua watu.

Kwa hiyo mfasiri anayetumia jina moja kwa vitu vyote vitatu hakosei adabu ya lugha tu. Ofisa anayetafsiri kanuni za usalama, mkataba wa ujenzi au bima, akiandika "gari la kamba" mahali pote, ametengeneza waraka ambao fundi hawezi kuutii bila ya kubahatisha. Nalo jambo hili si la nadharia. Mwaka 2019, serikali ilipoeleza mpango wa magari ya angani katika Mlima Kilimanjaro, wapagazi na waongoza watalii walitoa hofu zao juu ya ajira, na mjadala ukaenea nchini. Mwananchi anayetaka kuchangia mjadala wa namna hiyo ana haki ya kujua kwa Kiswahili ni chombo gani kinachozungumzwa.

Wafasiri wengi hupotoshwa na Kiingereza, ambacho chenyewe hutumia jina moja kwa gari la San Francisco na kwa lile la angani. Lakini umaskini wa lugha moja katika jambo fulani si sheria kwa lugha nyingine. Kiswahili hakikulazimishwa kurithi utata wa jirani.

5. Waya, kebo na kamba

Neno la kwanza la kupimwa ni lile la kitu kinachovuta. Tunayo matatu yanayogombania nafasi.

"Waya" ni uzi mmoja wa madini. Kamba ya Hallidie ilisukwa kwa nyaya nyingi. Kuiita waya ni kama kuiita nguo uzi. "Kebo" limekwisha kuenea kwa maana ya waya mnene wa umeme au wa mawasiliano, uliofunikwa kwa mpira au plastiki. Likitumika pia kwa kamba ya kuvutia, msomaji wa taarifa ya ajali hatajua kama kilichokatika kilikuwa kinapitisha umeme au kinabeba watu. Tunapendekeza kebo libaki katika umeme na mawasiliano, na kitu kinachovuta au kubeba kiitwe "kamba ya waya".

Wako watakaouliza kwa nini tusifufue maneno ya mabaharia wa pwani. Tulilitazama neno "amari", ambalo ni kamba nene ya nanga. Ni neno zuri, tena fupi. Lakini kazi ya amari ni kukishika chombo kisiende; kamba ya Hallidie kazi yake ni kukipeleka. Tulitazama na "jarari", kamba ipitayo katika kapi wakati wa kutweka tanga. Hiyo kwa kazi yake imekaribia zaidi, lakini mwalimu wa Chanji atalazimika kueleza jahazi kabla ya kueleza reli. Istilahi inayohitaji istilahi nyingine ya kuieleza haijapunguza kazi. Hata hivyo maneno ya mabaharia hayatupwi: "kapi" na "roda" yanafaa sana kwa magurudumu madogo yanayoongoza kamba, nayo "kapi" linajulikana hata bara, kwenye visima.

Lazima pia tuonye juu ya tafsiri ya neno kwa neno ya kamba iliyounganishwa ncha zake. Tumeona mahali imeandikwa "kamba isiyo na mwisho". Msomaji atadhani urefu wake hauhesabiki. Kinachotakiwa kusemwa ni kwamba kamba huzunguka na kurudi. Basi iitwe "kamba ya mzunguko".

6. Koleo la mhunzi

Sehemu inayoutofautisha mfumo wa Hallidie na mingine ni kile kishikio. Wengine wamekiita "kifaa cha kukamatia", wengine "kishikilio". Maneno hayo si makosa, lakini hayasemi kinashika namna gani. Mlango nao una kishikio.

Hapa Ufipa yenyewe yaweza kutusaidia. Kwa vizazi vingi Wafipa walikuwa mabingwa wa chuma. Tanuru zao ndefu za udongo, ziitwazo malungu, ziliyeyusha mawe ya chuma kwa upepo ulioingia wenyewe kupitia matundu ya chini, bila ya mivukuto. Kisha chuma kikasafishwa katika tanuru ndogo iliyovukutwa. Mabaki ya malungu yangali yanaonekana katika nchi ya Ufipa. Mhunzi hakifungi chuma cha moto kwa kamba wala hakigandishi mkononi. Hukishika kwa koleo, hukikaza kadiri ya haja, akimaliza hukiachia. Huo ndio utendaji wa chombo cha Hallidie, ambaye naye, kama tulivyosema, alipata kuwa mhunzi. Kwa hiyo "koleo la kamba" ni jina linaloeleza kazi, na kila mwanafunzi aweza kulifananisha na kitu cha kushikika.

Kutokana na hilo, mtu anayeliendesha gari tunapendekeza aitwe "mshikakoleo". Neno "dereva" linaleta picha ya mtu anayeamuru injini. Huyu hana injini ya kuamuru. Mwendo anaukuta tayari, naye huuchukua au huuacha.

7. Mapendekezo

Haya yafuatayo si istilahi zilizokwisha kusanifiwa. Ni mapendekezo tunayoyaweka mbele ya wasomaji ili yapimwe:

Kamba ya waya: kamba iliyosukwa kwa nyaya nyingi za chuma, kwa ajili ya kuvuta au kubeba.

Kamba ya mzunguko: kamba ya waya ambayo ncha zake zimeunganishwa, inayozunguka bila ya kusimama.

Koleo la kamba: kifaa cha garini kinachofumbwa juu ya kamba na kufumbuliwa.

Mshikakoleo: mtu anayeendesha gari kwa koleo la kamba.

Mwanya na mfereji: uwazi mwembamba uliopo juu ya barabara, na njia ya chini inayopitisha kamba.

Nyumba ya mitambo: jengo lenye injini inayovuta kamba.

Tramu ya kamba: gari la abiria la mjini, litembealo juu ya reli na kuvutwa na kamba ya mzunguko kwa njia ya koleo. Huu ndio mfumo wa Hallidie.

Reli ya kamba ya mizani: njia ya mteremko ambamo mabehewa mawili yamefungwa kwenye kamba, moja likipanda na jingine likishuka. Tumeongeza neno "kamba" katikati ili isidhaniwe kuwa ni mizani ya kupimia malori barabarani. Wahandisi wanaotumia "funikula" hawakatazwi, ila katika vitabu vya shule tunaona jina la maelezo linafaa zaidi.

Njia ya kamba ya angani: kamba iliyotandazwa juu ya nguzo, ambayo mizigo au abiria huning'inia. Kinachobeba watu kiitwe "gari la angani".

Yamkini wako watakaosema kwamba majina haya ni marefu, na kwamba watu watayafupisha. Hilo twalikubali. Neno "garimoshi" lilitokana na moshi wa injini za mvuke; mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma bila ya moshi wowote, wala hatutamlaumu bibi kijijini anayeendelea kuziita garimoshi. Jina lililokwisha kukaa katika vinywa vya watu halina haja ya kung'olewa. Lakini pale ambapo jina bado halijakaa, sisi tunaopewa kazi ya kuchagua tuna wajibu wa kuchagua kwa kuitazama kazi ya kitu, wala si kwa kuutazama moshi wake.

Kwa mwalimu wetu wa Chanji jibu ni hili: waambie wanafunzi wachore upya. Wachore barabara ya mlima, mfereji chini yake, kamba inayokimbia ndani ya mfereji, na koleo linaloshuka kutoka garini. Pembeni waandike "tramu ya kamba". Na yule aliyeuliza kama gari haliporomoki apewe sifa yake mbele ya darasa, kwa kuwa ameuliza jambo ambalo wafasiri wengi wamelipita bila ya kuliona.

Maoni ya wasomaji, hasa ya mafundi na ya wanaoyajua maneno ya ufundi katika lugha zao za nyumbani, tutayapokea kwa shukrani.